Pamba ya Karafuu

Siku ya kwanza ya kazi Loisi alitapika mara tatu kabla jua halijapanda. Mara ya kwanza aliwahi kufika nyuma ya banda. Mara ya pili aliishia mlangoni. Mara ya tatu alitapika ndani ya beseni alilolishika mkononi, mbele ya wagonjwa ishirini na mmoja waliomtazama bila haraka, kama watu wanaotazama mvua ya mbali.

"Na huyu alazwe," alisema mmoja wao. "Pembeni yangu hapa pana nafasi."

Aliyesema hivyo aliitwa Swedi, mtu wa pwani, mfanyakazi wa reli aliyevunjika paja lakini asiyevunjika ulimi. Wenzake wakacheka, wale walioweza kucheka. Loisi akaliinua beseni lake akatoka nalo nje, macho chini, akitamani ardhi impokee.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alilelewa misheni, upande wa Mpwapwa, akafundishwa kusoma, kushona, kutoa funza kwenye vidole vya watoto na kufunga vidonda. Kwao ni Kibakwe, milimani, ambako upepo hauishi kupita, na hata zizi la ng'ombe likichafuka vipi, asubuhi harufu yake imekwisha kuchukuliwa. Huku Kizota hakukuwa na upepo wa kuchukua chochote. Wadachi walikuwa wakiipeleka reli yao magharibi, na kila ilikopita iliacha watu nyuma: waliopondwa, wenye homa, wenye kuhara damu. Hao walikusanywa katika tembe moja refu la udongo, lenye paa la bapa na matundu madogo mahali pa madirisha. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Mikeka haikukauka, nguo hazikukauka, na juu ya harufu zote hizo ilimwagwa kila asubuhi dawa kali ya kusafishia sakafu, ikawa kama mtu aliyetandika shuka safi juu ya kitanda kichafu.

Mchana wa siku ile Adija alimwita jikoni. Adija ndiye aliyewapikia wagonjwa uji na kuwafulia nguo. Alikuwa mama mtu mzima wa mjini. Marehemu baba yake alipanda kutoka pwani na misafara ya pembe, akachoka njiani, akaoa, akabaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Umekula?"

"Siwezi."

"Utaweza. Hakuna aliyezaliwa na pua ya kazi hii." Adija alifungua kichupa kidogo, akadondosha mafuta ya karafuu juu ya pamba, akaisokota vipande viwili vidogo kama punje za mtama. "Hii weka puani, moja huku, moja huku. Usiisukume sana, itakupandia kichwani tuanze kukutafuta wewe. Pumua kwa mdomo. Na uso wako, mwanangu, usiukunje. Mgonjwa atakusamehe pamba. Uso uliokunjwa hasamehi mpaka anakufa."

Loisi akaweka. Macho yakamtoka machozi, pua ikawaka, halafu dunia yote ikawa karafuu. Alirudi ndani akaosha vidonda vinane bila kutoka nje. Jioni alikula ugali na mlenda, akalala kama gogo.

Tangu siku hiyo hakuingia mle bila pamba yake. Aliibadilisha asubuhi, mchana na jioni, kama watu wengine wanavyoswali. Alijifunza kutabasamu huku akipumua kwa mdomo, jambo ambalo si rahisi. Alijiona amekuwa mfanyakazi kamili, na kwa mara ya kwanza akamwandikia mwalimu wake wa misheni barua isiyokuwa na machozi.

Juma la pili aliletwa Matonya.

Alikuwa mfugaji, mtu mzima wa miaka kama hamsini, mrefu, ndewe za masikio yake zimetobolewa na kuvutwa kwa mapambo ya kwao. Jumbe alitaka mtu mmoja kila nyumba aende kazi ya reli. Nyumba ya Matonya zamu ikamwangukia mwanawe wa kwanza, naye akasema mwana abaki na ng'ombe, ataenda yeye. Siku ya tisa taruma la chuma, lile linalolazwa chini ya reli, lilimporomokea kwenye muundi wa mguu wa kulia. Wenzake walimbeba kwanza mpaka kwake. Alikaa huko siku nne, halafu msimamizi akaamuru aletwe Kizota, kwa kuwa mtu wa reli hutibiwa na reli.

"Mbukwenyi," alisalimia alipolazwa chini, akiwasalimia wote kwa lugha ya kwao, kama mtu anayeingia nyumba ya heshima.

"Mbukwa, baba," Loisi aliitikia, na uso wa mzee ukakunjuka kidogo kwa kusikia Kigogo.

Jeraha lilikuwa kubwa, lakini Loisi alikwisha kuona makubwa zaidi. Aliliosha kwa dawa ya zambarau, akatoa uchafu, akafunga. Kuanzia goti kwenda chini ilikuwa kazi yake. Kuanzia goti kwenda juu ilikuwa kazi ya Hamidi, mhudumu mwanamume, kwa sababu binti haoshi mtu wa umri wa baba yake mapajani, wala Matonya asingekubali. Alilala amejifunga kaniki yake kiunoni, na pindo lake amelikamata kwa mkono mmoja hata akiwa usingizini.

Baada ya siku chache harufu ikaanza.

Loisi hakuisikia. Alijua tu kwa kutazama wengine. Waliolala karibu na Matonya waliivuta mikeka yao, huyu shubiri, yule shubiri, mpaka mzee akabaki na uwanja wake peke yake kama jogoo mgomvi. Hamidi, aliyekuwa kijana mtanashati mwenye kofia safi, alikoma kumwosha kwa mkono, kazi aliyokuwa akiifanya juu juu bila kufunua kaniki. Alisimama hatua tatu, akabana pumzi, akammwagia ndoo ya maji kuanzia tumboni, akaondoka mbio.

"Mzee," Swedi aliuliza siku moja kutoka upande wa pili, "umekufa lini ukasahau kuzikwa?"

"Nilikufa siku niliyolazwa karibu na wewe," Matonya alijibu. "Nangoja tu unyamaze, nizikwe kwa utulivu."

Banda zima likaangua kicheko. Adija, aliyekuwa akigawa uji, alimgeukia Swedi. "Nyani haoni kundule. Nguo zako wewe nazifua mimi. Niseme? Niseme mbele ya watu?"

"Basi, mama, basi. Nimekoma."

Lakini Matonya hakucheka. Aliligeuzia banda mgongo, akakaza mkono wake kwenye pindo la kaniki.

Jirani mmoja tu hakuvuta mkeka wake, naye alikuwa Sila, kijana wa Kolo aliyepondwa vidole vya mkono wa kushoto. Sila alikuwa mwepesi wa kucheka na alimpenda mzee. Walibishana kutwa kuhusu rangi za ng'ombe. Jumatatu moja, Loisi alipokuwa akimfunga mguu, Matonya alisema kwa sauti ndogo, "Binti, ule mkono wa kijana umebadilika."

"Umebadilikaje, baba? Nimeuosha leo asubuhi. Hauna usaha."

"Sikuambii usaha. Nakuambia unanuka vingine. Jana ulinuka kidonda. Leo unanuka utamu, kama ndama aliyefia tumboni mwa mamaye. Hunusi?"

Loisi alitabasamu kwa ile tabasamu yake ya kupumua kwa mdomo. Moyoni alifikiri, maskini mzee, amechoka kusemwa yeye, anatafuta wa kushirikiana naye. Akamwambia Sila alale mapema.

Jumanne mkono ulivimba mpaka kiwiko. Jumatano ulikuwa mweusi. Alhamisi, kabla ya uji, Sila wa Kolo alikuwa ameshafunikwa shuka, na Hamidi na watu wawili wakamtoa nje kwa mkeka wake.

Hakuna aliyemlaumu Loisi. Hakuna aliyejua kuna la kumlaumu, ila mtu mmoja, naye hakusema kitu. Matonya alimtazama tu alipokuja kumfunga mguu, akaunyoosha mguu wake kama kawaida, akamwombea baraka kama kawaida. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliendelea kuweka pamba puani, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, lakini sasa kila akivuta ile karafuu aliona mkono wa Sila.

Bwana Daktari alikuwa mmoja kwa njia yote ile ndefu. Alifika Kizota kila Jumatatu kwa gari la moshi la mizigo, na kuondoka nalo lilipogeuza. Jumatatu ile ya Sila alikuwa amepita asubuhi, kabla mzee hajasema neno lake. Aliwatazama wote kwa haraka, lakini kwa Matonya alisimama. Alitoa kitambaa mfukoni, akaziba pua, akainama juu ya muundi. Akaubonyeza. Akainuka akitikisa kichwa, akamvuta Hamidi mpaka mlangoni penye hewa.

"Jeraha si baya," alimwambia Hamidi kwa Kiswahili chake cha vipande. "Nyama nyekundu, nzuri. Lakini harufu! Harufu hii, maana yake ndani. Mfupa. Mfupa naoza. Mimi ngoja juma moja. Jumatatu, harufu iko, kata. Hapa." Akaonyesha kwa kidole juu ya goti lake mwenyewe.

Hamidi akarudi kwa mgonjwa. "Jumatatu ijayo mguu unaondoka, mzee."

Ndivyo alivyofikisha ujumbe. Loisi alikuwa amesimama pale mlangoni na beseni. Alijua maneno yamepungua njiani. Lakini Hamidi alikuwa mkubwa wake kazini, na Loisi hakuwa mtu wa kumsahihisha mtu mbele ya Mdachi.

Matonya aliutazama mguu wake. "Mfugaji wa mguu mmoja," alisema mwishowe, "ng'ombe watamchunga yeye."

Safari hii hata Swedi hakucheka.

*

Jumapili iliyofuata mvua ilipumzika. Hamidi alikuwa amekwenda mjini kutembea. Kesho yake gari la moshi lingekuja na Bwana Daktari, na sanduku lake la vyuma. Loisi alisali peke yake kizingitini, sala fupi ya mtu aliyechoka, halafu akaenda jikoni kuchukua maji ya moto. Kichupa cha Adija kilikuwa mahali pake. Aliishika pamba, akaisokota, akaisogeza puani, mkono ukakataa.

"Vipi, imekwisha mafuta?" Adija aliuliza.

"Hapana, mama. Leo naingia bila."

Adija alimtazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Bila? Na mzee Matonya yumo ndani?"

"Kwa ajili yake yeye. Daktari amesema jeraha ni zuri, harufu ndiyo mbaya. Mimi nimemwosha siku zote hizi sijui anavyonuka. Sila naye sikumnusa."

Adija akaweka chini mwiko. "Basi chukua ndoo hii," alisema. "Ukizidiwa, tapika humu, usikimbie. Ukikimbia mara moja hutarudi."

Loisi akaingia.

Majuma matatu ya karafuu yalikuwa yameilaza pua yake, na sasa iliamka kwa hasira. Harufu ilimpokea mlangoni kama kofi. Kinyesi, jasho la homa, mkojo uliochacha kwenye nyasi za mikeka. Na juu ya hivyo vyote kitu kimoja kizito, cha mafuta, kilichomng'ang'ania hata kwenye ulimi. Aliiweka ndoo chini, akatapika, akajipangusa, akaendelea kutembea.

Alipiga magoti kando ya Matonya, akafungua vitambaa.

"Binti, leo huna zile zako za puani," mzee alisema.

"Sina, baba."

"Basi utakufa."

"Nikifa, wewe utajua kwa harufu."

Mzee akatoa pumzi fupi puani, iliyokuwa kicheko. Loisi akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa jeraha, akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama mtu anayetia mguu kwenye maji baridi.

Dawa ya zambarau. Damu. Kitu kama chuma kilicholowa. Nyama mbichi inayojaribu kujiunga. Haikuwa harufu nzuri, lakini haikuwa ile. Alivuta tena kuhakikisha. Haikuwa ile.

Akapanda kidogo, juu ya muundi. Hakuna. Akafika kwenye goti, na hapo ikamjia kwa nguvu mpaka akafumba macho. Ilikuwa ikishuka kutoka juu. Pua yake ilifika kwenye pindo la kaniki, ikakuta mkono wa mzee umelikamata, vidole vimekaza mpaka mishipa imesimama.

Loisi alikaa kitako. Masikio yalimwaka kwa haya. Katika maisha yake hakuwahi kumwuliza mwanamume, sembuse mtu mzima, ana nini ndani ya nguo yake. Aliangalia ukuta alipokuwa akisema.

"Baba. Harufu haitoki kwenye jeraha."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimechuna ngozi tangu sijaota meno ya pili. Nitaacha kujua ngozi mbichi ikiharibika?"

Kisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza kabla, akasimulia. Siku zile nne alipokuwa nyumbani, mkewe Nyemo alichinja kondoo, wakaomba kwa wazee waliotangulia. Utepe wa ngozi ya kondoo yule, mpana kama vidole vitatu, mafuta yake yakiwa bado yamegandia, Nyemo aliufunga kwenye paja juu ya jeraha, ili ubaya wa chuma usipande mwilini. Hufungwa ukiwa mbichi, mtu akaota nao jua, akatembea nao, ukamkaukia mwilini. Hautolewi mpaka atakaporudi machungani kwa miguu yake. Lakini huku hakuna jua wala matembezi. Kuna kulala, na kila siku ndoo ya Hamidi.

"Kila siku unaloweshwa," Loisi alisema taratibu. "Sisi ndio tunaouozesha."

"Nyinyi watu wa maji mengi," mzee alisema, bila ubaya.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme, muutupe motoni? Wewe ni wa misheni. Nawajua."

Ilikuwa kweli. Aliwahi kuona hirizi na kamba za ngozi zikichomwa uwanjani pa misheni, watoto wakiimba. Yeye mwenyewe aliimba.

"Baba, unajua kwa nini Bwana Daktari anataka kukata mguu?"

"Ni Mdachi. Anakata misitu, anakata vilima. Huu mguu una nini?"

"Ni kwa sababu ya harufu. Alisema nyama ni nzuri, lakini harufu inaonyesha mfupa umeoza. Alisema kesho akiikuta tena, anakata. Harufu isipokuwepo, hakati."

Matonya alimtazama. Uso wake ulipita mahali pengi kabla ya kutulia. "Hayo Hamidi hakuniambia."

"Nilimsikia hakukuambia. Na mimi nikanyamaza. Nisamehe."

Mzee alinyoosha mkono ulio huru akagusa kichwa chake kidogo, akauondoa. "Lakini utepe kuutoa siwezi. Aliyefunga ndiye hufungua. Na ukitoka, ubaya unapanda. Heri niishi na mguu mmoja kuliko nife na miwili."

"Mama Nyemo yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Yuko nje. Tangu nilipoletwa anakuja kila siku ya tatu na kibuyu cha maziwa, anakaa huko kwenye nyasi mpaka jua linapinda, anarudi. Mama wa uji huniletea maziwa. Yeye haruhusiwi."

Kweli haikuruhusiwa. Kwa ajili ya kuhara, amri ilikuwa ndugu wasiingie. Loisi alitoka, akamkuta mwanamke mwembamba mwenye nguo ya kaniki ameketi karibu na jiko, kibuyu mapajani, akitazama mlango kama anayengoja utamke kitu. Alimsalimia, akamwambia yote kwa Kigogo, akajikwaa mara mbili kwenye neno la paja. Nyemo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua pua kuelekea mlangoni, akanusa mara moja tu, akafunika mdomo.

"Ni ile. Ni ile ngozi yangu. Yaani wote hawa wamekuwa wakimtukana mume wangu kwa mkono wangu?"

"Mama Adija," Loisi aliita kwa sauti yake ndogo, "naomba kumwingiza huyu mama. Ndugu hawaruhusiwi, lakini..."

Adija alikwisha kugeukia mafiga. "Mimi napuliza moto," alisema. "Moshi umenijaa machoni. Sijaona mtu akiingia, na akitoka sitamwona."

Loisi alisimama kando ya Matonya na shuka mikono miwili, akaitandaza kama pazia, akageuza uso wake ukutani. Nyuma yake alisikia sauti za mume na mke, maneno machache, kisha pumzi ya maumivu, kisha kimya. Banda zima lilikuwa limegeuka kutazama. Harufu ilipofunguliwa ilipanda mpaka watu wakakohoa.

"Ee Mola," alisema Swedi akiziba pua kwa viganja vyote, "kumbe mzee alikuwa amevaa kitoweo!"

Utepe ulikuwa umegeuka kijani, laini kama utumbo. Chini yake ngozi ya paja ilikuwa imechubuka na kuwa nyeupe. Nyemo aliushika kwa jani, akamtazama Loisi. Na Loisi akajua kwamba sasa hivi angeweza kusema, utupe, na yule mwanamke, kwa aibu aliyokuwa nayo, angeutupa. Na mume wake angelala pale akingoja ubaya upande, na angeungoja kwa bidii mpaka ukapanda.

"Kwenu mnafukiza vibuyu vya maziwa kwa mti gani?" Loisi aliuliza.

Nyemo hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Ndani ya kikapu chake kulikuwa na vijiti vya mti uleule. Hakuna mama wa maziwa anayetembea bila hivyo.

Mchana kutwa walikaa nyuma ya jiko, wanawake watatu. Walikwangua mafuta yaliyooza kwa kisu, wakaosha utepe kwa maji ya moto na majivu, wakaukamua, wakautundika juu ya makaa ya vile vijiti. Moshi wake ulikuwa mzito na mtamu kidogo, moshi wa asubuhi ya nyumbani, wa kibuyu kilichotikiswa na makaa kabla ya kukamulia. Ulipopungua, Nyemo aliongeza kijiti. Moto ulipowaka sana, Loisi aliunyunyizia maji. Adija alikaa akifukuza kunguru. Mara moja Loisi alisinzia akiwa ameketi, akaamka kichwa chake kiko begani mwa Nyemo, na Nyemo hakukiondoa.

Jua lilipoanza kuteremka utepe ulikuwa umekakamaa, mweusi, mwembamba, unalia ukipindwa. Loisi aliusogeza puani bila kuombwa. Ulinuka moshi.

Nyemo aliufunga tena mahali pake, juu zaidi ya pale palipochubuka, shuka ikiwa imetandazwa. Loisi akaondoa mikeka yote ya ule upande, akaisugua sakafu, akamwosha mzee muundi kwa kitambaa kilichokamuliwa, tone kwa tone. Ilimchukua muda mara nne ya kawaida, na alijua kuanzia leo itakuwa hivyo kila siku, kwa sababu Hamidi na ndoo yake hawatamkaribia tena mgonjwa huyu. Hilo alimwambia Hamidi mwenyewe aliporudi, kizingitini.

"Nani amekuambia uniamuru?" Hamidi aliuliza, akirekebisha kofia.

"Hakuna. Nakuomba. Usimmwagie maji. Nitamwosha mimi mguu, na huko juu utampa kitambaa ajipanguse mwenyewe."

Hamidi alivuta pumzi kuanza kumjibu, akasita. Akavuta tena, kwa pua. "Imekwenda wapi?" aliuliza.

*

Gari la moshi lilifika Jumatatu saa nne. Bwana Daktari aliingia kitambaa kikiwa tayari mkononi, Hamidi nyuma yake na sanduku. Alifika kwa Matonya, akaziba pua, akainama. Akakaa vile kidogo. Akakiondoa kitambaa. Akanusa kulia, akanusa kushoto, akainua kichwa na kumtazama Loisi kana kwamba amemwibia kitu.

Alibonyeza muundi wote kwa vidole viwili, polepole, huku akimtazama mzee usoni. Mzee alimtazama yeye. Mkono wake haukuachia pindo.

"Harufu hapana," alisema Daktari. Akasema na kitu kingine kwa Kidachi, kirefu, akainuka. "Juma moja tena. Osha. Osha vizuri."

Hamidi alimgeukia mgonjwa, akafungua mdomo, akamtupia Loisi jicho. "Amesema mfupa ni mzima, mzee," alisema. "Amesema akute hivi hivi Jumatatu, na ijayo, na ijayo. Mguu ni wako."

Sanduku likatoka jinsi lilivyoingia. Matonya alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe vidole vyake vikafunguka.

"Binti," aliita baadaye, banda lilipotulia. "Sasa nanuka nini?"

Loisi akainama. "Maziwa, baba. Kibuyu cha maziwa."

"Nyumba nzima inanuka maziwa," Swedi alilalamika, "na hatujaonjeshwa hata tone. Haya ndiyo mateso ya kweli."

Jikoni Adija alikuwa ameweka pamba mpya kando ya kichupa. Loisi aliitazama. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na moshi wa jana ulikuwa bado kwenye nywele zake, ukichanganyika na vingine alivyojua sasa kuvitaja kimoja kimoja. Nje, karibu na reli, watu walikuwa wakipigiana kelele wakishusha machela. Hakujua ni wangapi. Alinusa kabla hawajafika mlangoni: homa, kuhara, na mmoja, nyuma kabisa, ule utamu ambao Matonya aliunusa kwa Sila.

Aliiacha pamba pale ilipokuwa. Akachukua beseni, akachukua na ndoo, akaenda kwanza kwa yule wa nyuma.